Sukari ya Ludwika

Miaka sita niliendesha foklifti bila leseni
katika ghala la baridi la matufaha, nje ya mji wa Grójec,
na hakuna aliyeniuliza.
Ufunguo ulining'inia msumarini karibu na kalenda ya kanisa,
atakaye na achukue.
Nikachukua.

Bogumił alinionyesha wenzo wa kupandisha, wenzo wa kuinamisha,
akasema, "Mengine utayajua humo humo,"
akaenda kuvuta.
Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu: urefu wa sigara moja.

Na nilikuwa hodari, msinielewe vibaya.
Niliweza kuchomeka meno yale mawili chini ya kreti
huku natafuna mkate,
niliweza kugeuka kwenye ujia mwembamba
mzigo ukiwa juu, juu kabisa, karibu na taa,
na wasichana wa kupanga matunda wakasema, "Mtazame Wacław!"
nami nikatazamwa.

Oktoba, Alhamisi, saa nne asubuhi.
Malori mawili mlangoni, moja likiunguruma.
Sakafu ilikuwa na unyevu, ule wa barafu inayoyeyuka bila kuaga.
Nilikata kona kama nilivyoikata mara elfu
nikasikia kitu nisichowahi kukisikia:
kimya cha gurudumu la nyuma
lisilogusa chini.

Kreti tatu za daraja la kwanza
zilishuka pale penye stuli ya bluu,
pale Ludwika anapokunywa chai yake kila siku saa nne,
miaka ishirini,
mgongo ukiegemea ukuta wenye joto la bomba.
Stuli ikawa njiti.
Matufaha yakabingirika hadi uani, mekundu,
kama watoto waliofungiwa shule.

Ludwika alikuwa amerudi jikoni.
Alisahau sukari.

Alisimama mlangoni ameshika kikopo,
akatazama stuli, akanitazama,
hakupiga kelele.
Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei:
"Wewe, nani alikufundisha?"

Ningejibu nini? Sigara?

Majira ya baridi nilikaa darasani, umri hamsini na miwili,
magoti yakigonga meza ya kitoto.
Mwalimu ni binti, Jagoda, mwenye mafua.
Akachora foklifti ubaoni, magurudumu manne,
kisha akafuta, akachora pembetatu.
"Hii ndiyo mnayoikalia. Si pembe nne. Ni tatu."
Mafiga matatu, basi, na chungu ni wewe na mzigo wako.
Ukiuinua huku unageuka, chungu kinasogea,
kinasogea kidogo, hakikwambii,
hadi kiko nje.
Miaka sita nilipika kwenye jiko nisilolijua.

Nilifeli mara ya kwanza. Naliandika hili kwa wino.
Sikupiga honi kwenye kona, sikutazama nyuma;
mazoea yana mikono lakini hayana shingo.
Mara ya pili nikapita.
Kadi ni ndogo, kwenye picha nimefumba jicho moja,
naiweka mfuko wa shati, upande wa kushoto,
na si kwa kumwogopa mkaguzi.

Leo Bwana Ksawery kaja mbio, lori linapiga honi,
mimi mkono umefungwa bendeji, na Olgierd,
miaka kumi na tisa, amekwisha kinga kiganja:
"Dakika tano tu. Nimekuona unavyofanya."
Hicho ndicho kinachonitisha, kijana.
Umeniona.

Ufunguo hauko msumarini tena. Uko nyuma ya kadi.
Nikasema hapana.
Bosi akasema neno nisiloliandika hapa.
Lori likaendelea kupiga honi, matufaha yakangoja,
hayaozi kwa saa moja.
Olgierd kaninunia, kaenda kukaa ukutani penye joto,
kwenye stuli mpya,
na Ludwika, bila kumwuliza,
akamtilia chai vijiko viwili.